Sukari ya Fundi Telesphor

Kila siku ya shule Evaline aliamka jogoo wa jirani alipowika mara ya pili. Alichukua ndoo, akaenda bombani kupanga foleni ya maji, akarudi, akawasha jiko la mkaa na kuinjika uji. Siku hizo aliinjika uji mara mbili. Sufuria ya kwanza ilikuwa yake na ya mama yake, nayo ilitiwa sukari. Ya pili, ndogo, yenye ukingo uliopinda, ilikuwa ya baba yake, nayo haikutiwa kitu. Baba aliunywa uji ule polepole akitazama chini. Akishamaliza alishukuru, akameza kidonge chake, akapanda baiskeli na kwenda zake Kashaulili, ambako alikuwa na cherehani barazani pa duka moja karibu na soko.

Baba yake Evaline aliitwa Telesphor, lakini mtaani Makanyagio watu walimwita Fundi. Alikuwa Mpimbwe wa Usevya aliyehamia Mpanda mjini tangu ujana, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyewashonea sare nusu ya watoto wa mtaa ule. Evaline alikuwa mwanawe pekee, msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita.

Ugonjwa ulikuwa umeanza kiangazi kilichopita, mwaka wa tisini na sita. Kwanza ilikuwa kiu. Mtungi uliokuwa ukitosha siku mbili ukawa hautoshi hata siku moja. Kisha ikawa kwenda msalani kila mara, usiku na mchana, na pale alipokojoa sisimizi wakawa wanajipanga. Suruali zikaanza kumpwaya, akazipunguza mwenyewe kwa mashine yake, na baada ya wiki tatu akazipunguza tena. Majirani wakaanza kunong'ona, maana miaka ile mtu akikonda ghafla watu walikuwa na jibu moja tu midomoni. Mama, ambaye jina lake ni Immaculata, alimpeleka hospitali akiwa amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda msibani. Waliporudi alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti. Evaline hakuelewa. Baba anaumwa, mama anashukuru.

"Ni kisukari," mama alimweleza. "Sukari ni sumu kwa baba yako. Ndivyo walivyosema."

Siku ileile kopo la sukari liliondolewa jikoni, likafungiwa ndani ya sanduku la nguo. Mama ndiye aliyekaa na ufunguo. Kila asubuhi alichota vijiko viwili vya kutia kwenye uji, akafunga tena.

Baba alilipokea jambo hilo kiume. Aliacha sukari kabisa, hata soda ya harusini hakuigusa. Lakini wali hakuuacha. Ndugu zake wa Usevya walimletea mchele kila msimu, na yeye aliamini kwamba mtu aliyekulia wali hawezi kudhurika na wali. Alisema wali hauna utamu, na asiyeamini aonje. Kwa kuwa alinyimwa uji mtamu na chai tamu, mama alimwonea huruma, akawa anampakulia sahani iliyojaa mpaka punje zikamwagika mezani.

Alipokwenda kliniki mara ya pili, mkojo wake ulichemshwa na dawa ya kupimia, ile ya rangi ya bluu inayobadilika ikikuta sukari, ukageuka mwekundu kama tofali. Daktari akamwongezea vidonge. Macho yake nayo yakaanza kuwa na ukungu. Sasa ikawa kila jioni Evaline anapita Kashaulili kumtungia uzi kwenye sindano ya cherehani, na siku moja mzazi mmoja alirudisha sare yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Baba aliipokea, akaifumua kimyakimya, wala hakufanya mzaha kama ilivyokuwa kawaida yake.

Evaline aliumia kichwa kwa kuwaza. Sukari imefungiwa sandukuni. Ufunguo anao mama. Hii sukari ya baba inatoka wapi? Siku moja baba alipokuwa anaoga, alichukua koti lake lililoning'inia mlangoni akapekua mifuko yote, akitafuta pipi au kashata. Alikuta vifungo vitatu na kipande cha chaki ya kuchorea nguo. Alirudisha koti mahali pake, akaona haya nafsini mwake.

Washauri nao hawakukosekana. Mzee Masalu aliyeuza asali sokoni alimwambia baba aitumie bila wasiwasi, kwa sababu asali inatoka porini na sukari inatoka kiwandani, hizo hazina undugu. Mama mmoja wa kwaya alisema kitu kichungu hufukuza kitamu, hivyo anywe majani ya mwarobaini asubuhi na jioni. Baba aliwasikiliza wote. Wiki moja alikunywa asali, wiki nyingine mwarobaini. Mama naye alisema kila mtu ana lake, na Evaline akabaki hajui yupi wa kuaminiwa.

*

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, mama alipata nafasi kwenye lori la kwenda Ikola, kununua dagaa ziwani ili aje kuwauza Mpanda. Angekaa huko siku nne au tano. Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kuondoka, alimwita Evaline chumbani, akamvisha ule ufunguo shingoni kwa uzi.

"Baba yako nakuachia wewe," alimwambia. "Mpikie kwa wakati. Na sukari, hata akuombe kwa kulia, usimpe. Umenisikia?"

Evaline aliitikia kwamba amesikia. Alijiona amekuwa mtu mzima.

Jioni hiyo alipika wali na maharage. Alikuwa anapakua, mama Spès akaingia na kipande cha bati kuomba makaa ya moto. Huyu mama Spès jina lake hasa ni Thacienne. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na sasa aliishi nyumba ya pili na mumewe Egide. Alikuwa jirani mwema, mwepesi wa kusaidia na mwepesi wa kusema. Alipoiona ile sahani ya baba aliuliza ni ya nani, na alipojibiwa akatikisa kichwa.

Alieleza kwamba shemeji yake wa Kigoma alikuwa na ugonjwa huohuo, na huko hospitali walimwambia kwamba wali, ugali, viazi, ndizi na mihogo, vyote vikifika tumboni vinageuka sukari.

Evaline alisimama na mwiko mkononi. Kumbe. Kumbe ndiko ilikokuwa inatoka siku zote hizo, nao wanafunga kopo sandukuni. Alitamani mama awepo asikie.

"Sasa huyo shemeji yako anakula nini?" aliuliza.

"Hapo sasa sijui, mwanangu. Mie nilisikia tu," alisema mama Spès, akachukua makaa yake akaenda.

Usiku huo Evaline alilala akijumlisha. Kama sukari ni sumu, na kama wali na ugali ni sukari, basi wali na ugali ni sumu. Hesabu ilimtokea sawasawa kila aliporudia. Jambo moja tu lilimsumbua: baba hawezi kukubali kunyimwa chakula kwa neno la mtoto. Angecheka, angesema hayo ni maneno ya wanawake wa jikoni.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi hakupika uji. Alimpa baba chai kavu isiyo na sukari. Baba aliitazama, akauliza uji uko wapi.

"Mama alisema tuache uji," alijibu Evaline. "Na wali na ugali. Alisema ni agizo jipya."

"Mama yako ndiye aliyesema?"

"Ndiyo, baba."

Baba hakuuliza tena. Alikunywa chai ile, akameza vidonge vyake kama kawaida, maana vidonge hakuna aliyevikataza, akapanda baiskeli akaenda kazini. Jioni alikula mchicha na dagaa kidogo. Alipomaliza alikaa na sahani tupu mbele yake kwa muda, kisha akaenda kulala mapema. Evaline alimsikia akigeuka kitandani. Moyo ulimwambia amwite amweleze ukweli, lakini akajiambia kwamba uongo wa kuponya si uongo.

Jumamosi asubuhi ikawa vilevile: chai kavu, vidonge, baiskeli.

*

Ilipokaribia saa sita mchana Evaline alikuwa anafua uani. Aliona baba anarudi kabla ya wakati, naye hajapanda baiskeli, anaisukuma. Shati lilikuwa limelowa jasho ingawa siku yenyewe ilikuwa na upepo wa baridi. Baiskeli ilimponyoka ikaanguka, na yeye hakugeuka kuiangalia. Aliketi kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Nipe chai ya sukari," alisema.

Evaline alidhani hakusikia vizuri. Miezi yote hiyo baba hakuwahi kuomba sukari hata mara moja.

"Baba, mama alikataza."

"Nimesema nipe sukari." Sauti ilikuwa kali, si ya baba. "Dafroza, kwa nini unanisumbua? Nguo za watu ziko wapi?"

Dafroza alikuwa dada yake baba, naye alifariki Evaline hajazaliwa. Evaline aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Alishika ule ufunguo shingoni mwake akaukaza ndani ya kiganja. Mama alisema hata akulilie, usimpe. Hii ndiyo siku yenyewe mama aliyoisema. Sukari imempanda baba kichwani, na sasa inadai nyingine. Alichota maji kwenye ndoo akampangusa uso. Baba aliusukuma mkono wake, akajaribu kusimama, magoti yakamkataa, akateleza kutoka kwenye kigoda mpaka chini. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanamtazama mtu.

Evaline alikimbilia kwa mama Spès. Mama Spès alikuja mbio, akamwinua baba na kumwegemeza kwenye ukuta, akamwambia Evaline akamwite Nesi Josefina. Nesi huyo alifanya kazi hospitali na alikaa mtaa huohuo, nyumba ya sita tu kutoka kwao. Kwa bahati ilikuwa siku yake ya mapumziko. Evaline alimkuta anaosha vyombo, hata hakusalimia, akasema tu baba anakufa. Nesi alifuata na mikono yenye povu.

Alipofika alipiga goti, akamshika baba shingoni, akayagusa mashavu yake yaliyolowa. Akauliza bila kugeuka, "Vidonge amekunywa leo?"

"Amekunywa."

"Amekula nini?"

Evaline alifungua kinywa. Mama Spès alikuwa amesimama pale, na majirani wengine wawili walikuwa wameshachungulia ukutani. Akasema, "Amekula ugali."

"Lini?"

"Asubuhi."

Nesi alikunja uso. Alimtazama baba, kisha akamgeukia Evaline na kumtazama yeye, si kwa ukali. "Evaline, nisikilize. Kitu nitakachofanya sasa kinategemea jibu lako. Nikikosea, baba yako anaweza kupotea hapa hapa. Amekula nini?"

Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Hajala. Tangu jana asubuhi ni chai kavu, na mchicha na dagaa kidogo jana jioni. Nilimwambia mama ndiye kakataza. Mama hakukataza. Ni mimi."

"Haya. Lete sukari."

Evaline hakusogea. Alidhani nesi naye amechanganyikiwa. "Sukari ni sumu kwake," alisema.

"Lete sukari na maji kikombe kimoja. Upesi, mwanangu. Inaisha mwilini mwake."

Alikwenda. Ufunguo uligoma kuingia, akaugeuza, akajaribu tena. Alipokuwa anachota kwenye kopo alijiona kama mtu anayempelekea baba yake mzazi kikombe cha sumu, na bado alichota, kwa sababu uso wa nesi haukuwa uso wa mtu asiyejua. Nesi alikoroga vijiko vinne. Alimwita baba kwa jina mpaka akageuza macho, akahakikisha anaweza kumeza, ndipo akaanza kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Mengine yalimwagika kifuani. Kijiko kingine akameza. Kingine tena.

Baada ya muda ambao Evaline aliuona mrefu kuliko kipindi cha hesabu, baba alipumua kwa nguvu, akapangusa kidevu chake, akawatazama watu waliokuwa uani. Akauliza kuna nini na kwa nini baiskeli yake imelala chini.

*

Nesi hakuondoka. Alimwamuru Evaline apike uji mzito mara moja, akasimama pale mpaka baba akaumaliza wote. Alieleza kwamba vidonge vile hukaa mwilini muda mrefu, hivyo sukari ingeweza kumshuka tena jioni. Egide, mume wa mama Spès, akampakia baba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wakaenda hospitali wakisindikizwa na nesi. Walimlaza mpaka Jumatatu.

Jumapili baada ya misa Evaline alimpelekea chakula. Nesi Josefina alikuwa zamu. Baba alikuwa ameketi kitandani, uso umerudi kuwa wake. Evaline aliweka bakuli chini, akashindwa kukaa.

"Baba, nilikudanganya," alisema. "Si mama aliyesema."

"Najua," alijibu baba. "Nilijua tangu Ijumaa. Mama yako hajawahi kuninyima ugali tangu nimwoe."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Niliogopa. Macho yanafifia, vidonge vinaongezwa, wala sijui ninakosea wapi. Nikawaza, huyu mtoto yuko darasa la sita, labda amesoma mahali. Labda anajua kuliko mimi."

Evaline hakujua kama acheke au alie. Nesi aliyekuwa akipima joto la mgonjwa wa kitanda cha pili alimaliza, akaja akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamwambia Evaline aulize lolote linalomsumbua.

"Sukari ni sumu au ni dawa?"

"Jana ilikuwa dawa. Leo, baba yako akinywa chai yenye vijiko vinne, itamdhuru. Sukari ni ileile. Kilichobadilika ni hali ya mwili wake."

Kisha akaeleza taratibu. Mama Spès hakusema uongo: ugali, wali na mihogo hugeuka kuwa sukari ndani ya damu, na mwili unaihitaji ili upate nguvu. Kwa mtu mwenye kisukari ile sukari hujaa kwenye damu isipate kutumika vizuri. Vidonge husaidia kuishusha. Baba akila mlima wa wali, vidonge vinazidiwa, ndiyo maana mkojo uligeuka tofali. Akinywa vidonge asile, vinaendelea kushusha tu mpaka mtu anaanza kutetemeka, kutoa jasho, kusema maneno yasiyoeleweka na kuanguka. Asali, alisema, ni sukari iliyotengenezwa na nyuki, na Mzee Masalu alikosea. Mwarobaini nao hauwezi kushika nafasi ya chakula wala ya vidonge.

Alimwambia baba akunje ngumi. Ugali wake, au wali wake, uwe mkubwa kama ngumi ile, si zaidi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, na kando pawe na maharage, dagaa au samaki. Unga wa dona ni bora kuliko sembe. Embe asikatazwe, ila ale kipande, si maembe manne. Ale asubuhi, mchana na jioni kwa saa zilezile, asiruke mlo hata mmoja, na mfukoni awe na sukari kidogo ya kulamba siku akijisikia kutetemeka.

"Sijaelewa vizuri," alisema Evaline kwa sauti ndogo. "Mwenye kisukari atembee na sukari mfukoni?"

Nesi hakukasirika. Alianza tena tangu mwanzo.

Mama alirudi kutoka Ikola Jumatatu jioni, nguo zote zikinuka dagaa. Alisikia habari kwa majirani kabla hajafika mlangoni. Evaline alimweleza yote, pamoja na ule uongo, huku akingoja fimbo. Mama alikaa juu ya gunia la dagaa, akainamisha kichwa. Ndipo alipokiri na yeye. Siku ile ya kwanza hospitali, nesi mmoja alikuwa akiwafundisha ndugu za wagonjwa kwenye benchi, na somo lilikuwa refu. Wingu la mvua lilikuwa limetanda, naye alikuwa ameanika mahindi. Alisikia mwanzo tu, habari ya sukari, akainuka. Baadaye aliona aibu kurudi kuuliza.

*

Tangu siku hiyo mambo hayakunyooka yote mara moja. Ngumi ya wali ilikuwa ndogo, na wiki za kwanza baba alinuna kama mtoto. Ndugu wa Usevya walipokuja na mchele wao walidhani mama anambania mumewe, ikabidi baba mwenyewe aseme. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani alijisahau, akala pilau sahani mbili, na kipimo cha wiki ile kikawa cha manjano. Kuna siku alikula kwa kipimo kabisa na bado mkojo ukatoa rangi mbaya, na hakuna aliyejua sababu. Ila polepole tofali likawa manjano, manjano ikawa kijani, na ilipofika mwezi wa kumi dawa ya kupimia ilibaki bluu yake. Ukungu wa macho ukapungua. Sare za shule zikarudi kushonwa zikiwa na mikono iliyolingana.

Mwezi wa kumi na moja Evaline alimsindikiza baba kliniki. Benchi lilijaa wagonjwa, wengi wao wapya. Nesi Josefina alifundisha kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wameelewa. Wote waliitikia ndiyo kwa pamoja, kama darasani.

Baba akainua mkono. "Mimi bado," alisema. "Mtu akiwa na malaria na chakula hakipiti, vidonge anywe au asinywe?"

Evaline aliona watu wote wakigeuka, kisha wakiinamia mbele kusikiliza. Mzee mmoja aliyekuwa ameshavaa kofia ili aondoke aliivua. Nesi akajibu kwamba siku hiyo mgonjwa asijiamulie mwenyewe: ajitahidi kunywa uji kidogo kidogo, na aletwe hospitali siku hiyohiyo aambiwe la kufanya kuhusu vidonge.

Waliporudi walitembea, baba akisukuma baiskeli katikati yao.

"Nimeiwaza sana ile Jumamosi," alisema. "Mama yako alijua nusu ya habari. Mama Spès alijua robo. Wewe ulijaza palipobaki kwa uongo, na mimi nikanyamaza, mtu mzima mzima, kwa kuogopa kuonekana sijui. Hakuna hata mmoja wetu aliyenitakia mabaya. Na yule aliyeijua habari yote alikuwa nyumba ya sita kutoka kwetu, wala hakuna aliyekwenda kumwuliza. Ugonjwa huu nitakuwa nao mpaka nizeeke, mwanangu. Chakula nitakipima, vidonge nitakunywa. Lakini usipojua jambo, sema hujui, na umwulize anayejua. Ukikosea, sema umekosea mapema, kabla mtu hajaanguka. Umeelewa?"

Evaline alikuwa karibu kuitikia ndiyo, kama wale watu wa benchini. Akasita, hatua mbili tatu.

"Nusu, baba," alisema. "Ile ya malaria sijaishika vizuri."

"Hata mimi," alisema baba. Akasimama, akaigeuza baiskeli, wakarudi hospitali kuuliza tena.